Namna ya Kuichagulia Tamthilia ya Familia Saa Yake Hewani

Mtayarishaji wa Nairobi anapokwenda kituo cha televisheni kuuza tamthilia ya familia, kwa kawaida hubeba maelezo ya wahusika, muhtasari wa sehemu za kwanza, bajeti, na pengine kionjo alichokirekodi kwa fedha zake mwenyewe. Jambo analoliachia kituo, kana kwamba halimhusu, ni saa ya kupeperushwa kwa kipindi. Miezi michache baadaye, watazamaji wanapokuwa wachache, lawama humwendea mwandishi, kisha waigizaji, kisha lugha iliyotumiwa, na ni nadra mtu kuuliza ni nani hasa aliyekuwa ameketi sebuleni kipindi kilipokuwa kikionyeshwa. Mwongozo huu ni wa watayarishaji, waandishi na wasimamizi wa ratiba wanaotaka kuliuliza swali hilo mapema, kabla mkataba haujatiwa saini.

Msimamo wangu ni kwamba saa inayofaa kwa tamthilia ya familia si lazima iwe ile yenye runinga nyingi zaidi zilizowashwa. Ni ile ambayo watu wa rika mbalimbali, wale wale ambao hadithi inawahusu, wamekusanyika mbele ya runinga moja, na hakuna kati yao mwenye sababu ya kudai rimoti. Kipindi cha muziki kinaweza kuishi kwa vijana peke yao, na mjadala wa siasa ukaishi kwa wanaume watu wazima. Tamthilia ya familia hutegemea mazungumzo yanayozuka nyumbani inapotazamwa: bibi anayemlaumu mkwe aliye kwenye kioo huku mkwe wake mwenyewe akimsikiliza, na kijana anayecheka kwa sababu mjomba wa kwenye hadithi anafanana na wa kwao. Rika moja likikosekana, mazungumzo hayo hupungua, na kwa kiasi kikubwa ndiyo yanayowarudisha watu siku inayofuata.

Anza na nyumba, si na kituo

Kabla ya kuangalia ratiba ya kituo chochote, andika ratiba ya nyumba unayoilenga, nusu saa baada ya nusu saa, kuanzia saa 10 alasiri hadi saa 5 usiku. Katika kila nusu saa onyesha nani yuko, nani ameshika rimoti, nani yuko jikoni akisikiliza bila kutazama, na nani bado yuko njiani.

Katika nyumba nyingi za Nairobi, kuanzia saa 10 hadi karibu saa 12 jioni runinga huwa mikononi mwa watoto waliorejea kutoka shuleni na msaidizi wa nyumbani, na mara nyingine nyanya au babu aliyetoka mashambani kwa matibabu au kuwatembelea wajukuu. Wazazi hawapo. Tamthilia iliyowekwa hapa hupata watazamaji waaminifu ambao hawatiliwi maanani katika mikutano ya matangazo ya biashara, ingawa msaidizi wa nyumbani ndiye mara nyingi anayetumwa dukani na kuamua ni sabuni gani na unga gani utakaoingia nyumbani. Ukilazimika kukubali saa hii, ikubali kwa hoja hiyo na uiandae kwa takwimu za wadhamini wako. Usiikubali kwa unyonge.

Saa 12 jioni ina faida yake. Kwa kuwa Nairobi iko karibu na ikweta, jua huzama takriban kati ya saa 12:15 na saa 12:45 mwaka mzima, na watoto huitwa ndani wakati uleule, iwe Januari au Julai. Vituo vya Uingereza, ambako katikati ya mwaka jua halizami hadi baada ya saa 3 usiku, hujua kwamba watazamaji wa jioni hupungua miezi ya kiangazi. Sisi hatuna tatizo hilo. Kinachotuvurugia jioni ni barabara. Mtu anayetoka kazini katikati ya jiji saa 11 jioni na kuishi Rongai, Kitengela, Utawala, Githurai au Ruaka hana uhakika wa kufika nyumbani kabla ya saa 1:30 usiku, na katika msimu wa mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, hata saa 2:30 inaweza kumkuta kwenye matatu. Barabara ya kulipia inayotoka Mlolongo hadi Westlands, yenye urefu wa takriban kilomita 27 na iliyofunguliwa 2022, imewapunguzia safari wenye uwezo wa kuilipia; abiria wengi bado wako barabara ya chini.

Kwa hiyo familia ya Nairobi huingia nyumbani kwa mafungu, na mwandishi anayeijua ratiba hiyo anaweza kuandika kwa kuifuata. Ikiwa sehemu inaanza saa 1:30 usiku, dakika za kwanza zitatazamwa zaidi na watoto na walioko nyumbani mchana kutwa, huku mama aliyefika punde akiwa jikoni na mlango wazi. Huyo anasikiliza. Tukio muhimu likionyeshwa kwa kimya, kwa kutazamana tu au kwa ujumbe unaosomwa kwenye simu, litampita. Weka habari nzito ya mwanzo katika maneno yanayosemwa, na uyaache matukio ya macho kwa nusu ya pili, wakati chakula kimepakuliwa na wote wameketi. Nimewasikia waelekezi wakilalamika kwamba ushauri wa namna hii unaishusha sanaa. Mimi naona ni heshima kwa mtazamaji ambaye mikono yake ina kazi.

Unapofanya utafiti wako mdogo mitaani, usiulize watu wanapenda vipindi gani, kwa sababu watakutajia vile wanavyoona ni vya heshima. Uliza kuhusu jana: saa 1:45 usiku runinga ilikuwa imewashwa? Nani alikuwa chumbani? Kituo kilibadilishwa mara ya mwisho na nani, na kwa nini? Nenda Umoja na Kayole, nenda South B na Lang'ata, nenda Kawangware, na katika kila mtaa zungumza na msaidizi wa nyumbani na mtoto kando na wazazi, kwa idhini yao, kwa maana majibu yao hutofautiana sana. Kumbuka pia kwamba katika sensa ya 2019 nyumba zilizokuwa na runinga nchini zilikuwa asilimia 40.7. Jijini hali ni bora kuliko hiyo, lakini bado wako wanaotazama kwa jirani au kwenye hoteli ya mtaani, na mtazamaji wa kwa jirani huondoka mwenyeji anapotaka kulala.

Kati ya taarifa mbili za habari

Usiku wa televisheni ya Kenya umejengwa juu ya nguzo mbili: taarifa ya habari ya Kiswahili saa 1 usiku na ile ya Kiingereza saa 3 usiku. Nafasi iliyo katikati ndiyo inayogombaniwa na kila mtayarishaji, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Habari za saa 1 huwakusanya wazee, akina baba na wale wote wanaotaka kujua nchi imeamkaje na imelalaje, nazo huwakusanya katika Kiswahili. Tamthilia ya Kiswahili inayofuata mara tu baada ya habari hizo huwarithi watu hao bila kuwatafuta, na hawalazimiki hata kubadili lugha.

Kwa miaka mingi Citizen TV ilijaza nafasi hiyo kwa tamthilia na vichekesho vya nyumbani, kila kimoja na jioni yake katika wiki. Mwaka 2019 kituo hicho kilianza kuonyesha Maria, tamthilia iliyopeperushwa Jumatatu hadi Ijumaa saa 1:30 usiku, na saa hiyo ikaendelea kutumiwa na tamthilia zilizokuja baada yake. Jambo la kujifunza hapa ni kwamba hadithi moja ilikabidhiwa saa moja kwa siku tano mfululizo, hivi kwamba mtazamaji hakuhitaji tena kukumbuka leo ni siku gani. Kisha, tarehe 27 Machi 2020, kafyu ya kuanzia saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri ilianza kutekelezwa nchini kwa sababu ya korona, na kwa muda familia nyingi zikawa zimetimia nyumbani saa ya tamthilia, jambo ambalo barabara za Nairobi hazijawahi kuliruhusu. Mtayarishaji anayelinganisha watazamaji wake wa leo na wa kipindi hicho anajitesa bure.

Ukipewa saa ya baada ya habari, zingatia mambo mawili. La kwanza ni kwamba habari huchelewa kumalizika, hasa siku yenye tukio kubwa. Usianze sehemu kwa wimbo mrefu wa utangulizi na orodha ya majina; anza na tukio, kisha utangulizi ufuate, ili anayesubiri habari ziishe akutane na mtu anayezungumza badala ya muziki unaomwambia kwamba ana nafasi ya kupekua vituo vingine. La pili linahusu mwisho wa kipindi. Ikiwa tamthilia yako iko karibu na saa 3, watu wanaongojea habari za Kiingereza huwasha runinga au huhamia kituo chako dakika kadhaa kabla. Watahesabiwa kuwa watazamaji wako, lakini hawakukufuata wewe. Usiwategemee unapopanga msimu wa pili.

Naamini pia kwamba saa 1:30 usiku imetukuzwa kupita kiasi. Inafaa sana kwa hadithi inayowahitaji watoto, wazazi na wazee kwa pamoja. Hadithi inayomhitaji hasa mzazi anayefanya kazi mbali, kama vile kisa cha ndoa inayoyumba kwa sababu ya madeni, inaweza kufanya vizuri zaidi saa 2 au saa 2:30, hata kama idadi ya jumla ya runinga zilizowashwa ni ileile, kwa kuwa mtu huyo ndipo anapokuwa amevua viatu.

Sheria inayougawa usiku

Kanuni za vipindi za Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya zinatenga muda wa kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku kuwa muda wa kuwalinda watoto. Ndani ya muda huo kituo hakiruhusiwi kuonyesha maudhui ya watu wazima, na kazi ya kuainisha filamu na vipindi iko chini ya Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, yenye madaraja ya GE (watazamaji wote), PG (kwa uangalizi wa wazazi), 16 na 18. Maana yake kwa mtayarishaji wa tamthilia ya familia ni kwamba saa na daraja huamuliwa pamoja. Sehemu moja tu yenye ukatili uliokithiri inaweza kukipa kituo sababu ya kukusogeza hadi baada ya saa 4, na huko hutakuta familia uliyoiandikia.

Wako waandishi wanaodhani kwamba baada ya saa 4 mtoto hayupo. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambako runinga iko futi chache kutoka kitandani, mtoto yupo na yuko macho. Hilo halibadilishi kanuni, lakini linapaswa kumfanya mwandishi afikiri kwa uangalifu.

Kanuni hizo pia zinavitaka vituo vitenge asilimia 40 ya vipindi vyao kwa maudhui ya humu nchini, bila kuhesabu habari na matangazo ya biashara. Hiki ni kigezo unachoweza kukitumia unapojadiliana, mradi ukumbuke kwamba asilimia hiyo inaweza kutimizwa pia kwa marudio ya alfajiri na ya mchana. Usikubali kipindi kipya kitumiwe kujazia asilimia hiyo saa ambazo familia imetawanyika.

Mshindani wako ni nani

Chukua daftari na uorodheshe, kwa muda wa wiki mbili, kila kinachoonyeshwa na vituo vikuu vya bure katika nusu saa unayoitamani na nusu saa zinazoizunguka. Kisha tenga wanaogombania mtu yuleyule unayemtaka. Telenovela iliyotafsiriwa humvuta mtu yuleyule anayevutwa na tamthilia yako. Mdahalo wa siasa humvuta mwingine. Katika nyumba yenye runinga moja, kushindana na telenovela ni kuwagombanisha dada wawili, na kushindana na siasa ni kumgombanisha mama na baba. Katika mazingira ya kwetu, ugomvi wa aina ya pili mara nyingi ni rahisi zaidi kuushinda, kwa kuwa watoto huunga mkono upande wa mama.

Mfano bora ninaoujua wa nguvu ya nusu saa moja uko Uingereza. BBC ilipoanza kuonyesha EastEnders mnamo Februari 1985, iliiweka saa 1 usiku kwa saa zetu za Kiswahili, na katika baadhi ya jioni ikajikuta ikishindana na Emmerdale Farm ya ITV, tamthilia iliyokuwa tayari na watazamaji waliozoea saa hiyo. Septemba mwaka huohuo ikasogezwa hadi saa 1:30 ili kuepuka mgongano. Hadithi na waigizaji walikuwa walewale. Watazamaji waliongezeka sana, na kufikia Krismasi ya 1986 sehemu moja ilihesabiwa kuwa na watazamaji zaidi ya milioni 30, wakiwamo waliotazama marudio yaliyounganishwa ya mwisho wa wiki. Sidai kwamba saa peke yake ilileta yote hayo, kwa maana hadithi ilikuwa imekolea. Nadai kwamba hadithi ileile ingeendelea kuumia kama ingebaki ilipokuwa.

Mshindani anayesahauliwa na wengi ni kandanda ya Ulaya, na hapa pana hesabu ambayo kila msimamizi wa ratiba anapaswa kuijua kwa moyo. Kenya haibadilishi saa, lakini Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mechi ya Jumamosi inayoanza saa 9 alasiri kule huanza saa 12 jioni kwetu katika majira yao ya baridi, na saa 11 jioni katika majira yao ya joto. Mechi ya saa 11:30 jioni kule hutufikia saa 2:30 usiku kati ya Novemba na Machi, na saa 1:30 usiku miezi mingine. Tamthilia ya Jumamosi saa 1:30 usiku inaweza basi kuwa na baba na wavulana mwezi wa Februari, ikawapoteza mwezi wa Aprili, na mtayarishaji asijue sababu kwa kuwa ratiba ya kituo chake haikuguswa hata kidogo. Mara nyingi mechi hizo zinatazamwa kwenye vibanda na baa, hivyo kinachoondoka nyumbani ni mtu wala si rimoti. Waliobaki nyumbani wanaweza kuwa watazamaji wako watulivu zaidi. Iandike sehemu ya Jumamosi ukiwafikiria hao.

Siku za wiki na uvumilivu wa kituo

Siku za kazi, Jumatatu hadi Alhamisi, hufanana. Ijumaa watu wazima wengi huchelewa, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi huchelewa zaidi. Usiweke hapo ufunuo mkubwa wa wiki ikiwa hadithi yako inawategemea baba na mama. Jumapili jioni familia huwa imetimia, lakini imeshughulika: sare zinapigwa pasi, nywele zinasukwa, viatu vinang'arishwa. Ni jioni nzuri ya kipindi cha mara moja kwa wiki chenye visa vinavyokamilika, na ni jioni mbaya ya fumbo linalohitaji kukumbukwa.

Kipindi cha kila siku husamehe mtazamaji aliyekosa jana, mradi mwandishi arudie jambo kuu kwa ujanja katika mazungumzo. Kipindi cha kila wiki hakisamehi kwa urahisi, na ndiyo sababu kinahitaji uthabiti wa saa kuliko kingine chochote. Nchini Marekani tamthilia ya familia iitwayo The Waltons ilianza Septemba 1972 kwenye CBS, Alhamisi saa 2 usiku, dhidi ya vipindi viwili vilivyokuwa tayari na umaarufu kwenye mitandao pinzani. Haikuanza kwa kishindo. Kituo hakikuisogeza, kiliiacha mahali pake, na katika msimu wake wa pili ikawa miongoni mwa vipindi vilivyotazamwa zaidi nchini humo, ikabaki Alhamisi hadi ilipomalizika 1981. Vituo vyetu vingi havina subira hiyo, na inaniuma kuona kazi nzuri ya Kiswahili ikihamishwa kutoka Jumatano hadi Jumapili, kisha hadi saa 11 jioni, hadi mtazamaji wake wa mwisho anapochoka kuitafuta.

Kalenda

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na kuanzia mwishoni mwa Oktoba au Novemba, vijana wa mabweni hurudi na kudai rimoti. Wahusika wa umri wao wapewe nafasi kubwa katika majuma hayo. Mabadiliko ya elimu yameongeza jambo lingine: kuanzia 2025 mwanafunzi wa mwaka wa tisa, ambaye katika mfumo wa 8-4-4 angekuwa Kidato cha Kwanza na pengine bwenini, yuko Gredi ya 9, aghalabu katika shule ya kutwa. Kijana wa miaka 14 au 15 yuko nyumbani jioni za kazi kuliko alivyokuwa kaka yake.

Mwezi wa Ramadhani, katika nyumba za Waislamu wa Eastleigh, South C, Majengo na kwingineko, futari huangukia karibu saa 12:30 jioni na swala ya tarawehe hufuata isha, yaani palepale saa ya tamthilia. Ukiwa na watazamaji wengi huko, omba marudio ya baada ya saa 3:30 usiku mwezi huo. Desemba jiji humwagika kwenda mashambani, na runinga ya shagoni ina mwenyewe. Mwaka wa uchaguzi mkuu, majuma ya karibu na Agosti huwa ya habari tu. Usizindue chochote hapo.

Kuzisoma takwimu

Utakapoletewa takwimu, tenganisha vipimo viwili ambavyo huchanganywa kila siku. Kimoja kinaeleza ni sehemu gani ya nyumba zote zenye runinga iliyokutazama; kingine kinaeleza ni sehemu gani ya runinga zilizokuwa zimewashwa wakati huo iliyokuwa kwenye kituo chako. Tuchukulie mtaa wa mfano wenye nyumba 1,000 zenye runinga. Saa 11 jioni runinga 300 zimewashwa na 120 ziko kwako: umepata asilimia 12 ya nyumba zote, lakini asilimia 40 ya zilizowashwa. Saa 1:30 usiku runinga 700 zimewashwa na 175 ziko kwako: asilimia 17.5 ya nyumba zote, ila asilimia 25 tu ya zilizowashwa. Msimamizi wa mauzo atapendelea takwimu ya pili kwa sababu nyumba ni nyingi zaidi. Wewe unayetaka kujua kama hadithi inashika, soma ile asilimia 40, kwa maana inakuambia kwamba wale waliokuwa na nafasi ya kuchagua walikuchagua.

Usilinganishe kipindi cha saa 11 jioni na cha saa 1:30 usiku kwa idadi ya watazamaji. Linganisha kipindi chako na kile kilichokuwa katika saa hiyohiyo kabla yako, katika miezi ileile ya mwaka. Omba pia mgawanyo wa umri na jinsia, na omba kuonyeshwa robo saa baada ya robo saa. Tamthilia inayoanza na wengi na kumaliza na wachache ina tatizo la hadithi. Inayoanza na wachache na kupanda mfululizo huenda ina tatizo la saa, kwa kuwa watu wanaifikia ikiwa katikati. Hilo la pili ndilo unalopaswa kulipeleka mezani kwa msimamizi wa ratiba, ukiomba kusogezwa mbele kwa nusu saa.

Mkataba, na siku ya kuhamishwa

Katika mkataba, omba saa itajwe kwa maandishi, pamoja na siku, idadi ya chini ya majuma kabla kituo hakijaweza kuihamisha, na muda wa notisi. Majuma 13 ni ombi la busara kwa kipindi cha kila wiki, kwa kuwa hiyo ni robo ya mwaka na hupitia angalau mwisho mmoja au miwili ya muhula wa shule. Taja pia idadi ya dakika za hadithi ukiondoa matangazo ya biashara. Nusu saa ya ratiba haijawahi kuwa nusu saa ya hadithi, na kituo kikiongeza tangazo moja katikati, tukio ulilolipangia dakika ya mwisho huishia kugongana na habari.

Ikibidi kuhama, hama kwa hatua ndogo. Kubadili saa na kubaki siku ileile huwapoteza watu wachache kuliko kubadili vyote viwili. Tangaza uhamisho ndani ya kipindi chenyewe kwa angalau majuma mawili, kwa sauti ya mhusika anayependwa na wala si kwa maandishi yanayopita chini ya kioo, maana aliye jikoni hayasomi. Ufunuo mkubwa usiwe katika sehemu ya mwisho ya saa ya zamani. Uanzishe hapo na uutimize katika sehemu ya kwanza ya saa mpya, ili mtu awe na sababu ya kukufuata.

Mwisho, kubaliana na kituo kuhusu YouTube. Sehemu ikipakiwa kabla ya kuonyeshwa, kijana aliyeitazama kwa simu kwenye matatu atawasimulia wengine na hataketi nao. Ikipakiwa siku mbili baadaye, wasiokuwepo watakuwa wamesikia yote. Mimi hupendekeza ipakiwe baada ya habari za saa 3, usiku uleule. Wakenya wanaofanya kazi Saudi Arabia na Qatar wako katika saa ileile ya Nairobi, na wengi wao hupata nafasi ya kushika simu usiku kazi zinapoisha. Walioko mashariki mwa Marekani wataikuta mchana wao. Hao wahesabiwe katika jedwali lao peke yao, lisichanganywe na la sebule za Nairobi, kwa sababu wadhamini wanaouza unga na umeme wa jua hawawezi kuwafikia, ilhali wale wa huduma za kutuma fedha wanawatafuta hao hasa.